Daktari John Kirk na Bandari za Kilwa

1. Kisiwa na mlango wake

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo karibu na pwani ya kusini ya Tanzania. Mtu akivuka kutoka bara kwa mashua huona mikoko iliyoota ukingoni, na nyuma ya mikoko magofu ya mji wa kale. Pana Msikiti Mkuu wenye kuba nyingi; pana jumba la Husuni Kubwa lililojengwa juu ya jabali lielekealo bahari; na karibu na maji pana ngome iitwayo Gereza. Zamani mji huo ulisifiwa kwa utajiri, kwa sababu dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwa watu wake, na masultani wake walipiga sarafu zao wenyewe. Lakini Wareno waliuteka mwaka 1505, na tangu hapo fahari yake ikaanza kupungua.

Katika siku za udhaifu huo ndipo biashara mbaya kuliko zote ilipokua. Mwaka 1776 alikuwako Kilwa Kisiwani Mfaransa mmoja, jina lake Jean-Vincent Morice. Mtu huyu alikuwa amejifunza kazi ya udaktari wa kupasua, lakini aliiacha akawa mfanyi biashara ya watumwa. Alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa, apewe watumwa 1,000 kila mwaka, na bei ya kila mtu iwe riali 20. Watumwa hao walipelekwa kulima mashamba katika visiwa vya Mauritius na Réunion, ambavyo wakati ule vilikuwa mali ya Wafaransa. Basi ndivyo daktari mmoja alivyoupanua mlango wa biashara ya watumwa katika pwani ya Kilwa.

Miaka 100 baadaye, mwaka 1876, daktari mwingine alifika pwani ileile, naye alikuja ili mlango huo ufungwe. Jina lake lilikuwa John Kirk.

2. Mtoto wa mchungaji

John Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba mwaka 1832 katika kijiji cha Barry, nchi ya Scotland, karibu na bahari. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Alipokuwa kijana alikwenda Edinburgh kujifunza udaktari katika chuo kikuu, naye alimaliza mafunzo yake mwaka 1854.

Wakati ule mwanafunzi wa udaktari alipasa kujifunza mambo mawili yaliyo mbali mbali. Kwanza alifundishwa kupasua maiti ili ajue jinsi mwili wa mwanadamu ulivyoundwa: mifupa, mishipa, mapafu na moyo. Katika kazi hiyo kila mwanafunzi huona kwa macho yake ya kuwa mtu awaye yote, tajiri au maskini, ndani yake ni namna moja. Pili alifundishwa elimu ya mimea, kwa kuwa dawa nyingi za siku zile zilitoka katika majani, mizizi na maganda ya miti. Kirk aliipenda sana elimu hii ya pili, na kupenda kwake kulimfaa maisha yake yote.

Alipokwisha kufuzu alifanya kazi katika hospitali kubwa ya Edinburgh. Mwenzake mmoja pale alikuwa Joseph Lister, ambaye baadaye aliwafundisha madaktari wa dunia nzima kutumia dawa ya kuua vijidudu vya vidonda, na kwa elimu hiyo watu wengi sana waliponywa. Kisha vikatokea vita vya Crimea, na Kirk akapelekwa kuwauguza askari katika hospitali ya Renkioi, nchi ya Uturuki. Hata huko, kila alipopata nafasi, alipanda vilimani kukusanya mimea na kuikausha.

3. Mto Zambezi

Mwaka 1858 David Livingstone alikuwa anatafuta watu wa kufuatana naye katika safari ya mto Zambezi. Alimchagua Kirk awe daktari wa safari na mchunguzi wa mimea na wanyama. Safari hiyo ilichukua miaka mingi, nayo ilikuwa na taabu nyingi. Chombo chao kilikuwa kibovu, mto ulikuwa na mafungu ya mchanga, na homa iliwapata wote. Baadhi ya wenzao waligombana na Livingstone wakaondoka au wakafukuzwa. Kirk alivumilia. Aliwapa wagonjwa kwinini, aliandika habari za kila siku, na kila mahali walipopiga kambi alitazama ni mti gani uotao pale na watu wanautumia kwa kazi gani.

Tarehe 16 Septemba mwaka 1859 Livingstone na Kirk pamoja na wenzao waliliona ziwa Nyasa. Mwaka uliofuata, waliposhuka mto katika maporomoko ya Kebrabasa, mtumbwi wa Kirk ulipigwa na mkondo, naye akatupwa majini. Alishika mwamba akaokoka, lakini vitabu 8 vya maandiko yake, pamoja na picha kama 100 za mimea alizozichora kwa mkono, vilichukuliwa na maji. Kazi ya miaka miwili ilipotea kwa dakika chache. Kirk hakuiacha kazi. Alianza tena kukusanya.

Katika safari hiyo aliona mambo mawili ambayo hakuyasahau.

Jambo la kwanza lilikuwa sumu. Watu wa bonde la mto Shire walipaka mishale yao sumu iitwayo kombe, itokayo katika mbegu za mti utambaao. Mnyama aliyechomwa na mshale huo hakwenda mbali. Kirk aliichukua sumu hiyo ili aichunguze, naye akaiweka mahali pamoja na mswaki wake. Siku moja alipopiga mswaki alisikia uchungu mdomoni. Mtu mwingine angalitema mate tu, akausahau uchungu ule. Lakini Kirk, kwa kuwa ni daktari, alishika mkono wake akahesabu mapigo ya moyo, akaona kuwa yamepungua mwendo. Ndipo alipofahamu ya kuwa sumu ile kazi yake iko katika moyo. Baadaye mbegu hizo zilifika Edinburgh, na mwalimu mmoja wa elimu ya dawa, Thomas Fraser, akazichunguza miaka mingi. Mwaka 1885 aliwaonyesha madaktari ya kuwa sumu hiyo, ikitolewa kwa kipimo kidogo sana, huutia nguvu moyo uliochoka. Hivyo elimu ya wawindaji wa Shire ikawa dawa ya wagonjwa katika hospitali za Ulaya.

Jambo la pili lilikuwa watumwa. Mwezi wa Julai mwaka 1861 Livingstone, Kirk, na Askofu Mackenzie wa Misheni ya Vyuo Vikuu walikutana na msafara wa watu waliofungwa kwa kamba na kwa miti shingoni. Walinzi wao walikimbia, na wafungwa 84 wakakatwa vifungo. Mwaka huo huo kijana wa Kiyao aitwaye Chuma aliokolewa pia, yeye ambaye baadaye pamoja na Susi aliuchukua mwili wa Livingstone hata pwani. Kisha Kirk alisafiri ziwani Nyasa, akaona jinsi watumwa walivyovushwa kwa jahazi kutoka ng'ambo moja hata ng'ambo ya pili, ili waanze safari ya miguu kwenda baharini. Bandari waliyoiendea ilikuwa Kilwa.

Mwaka 1863 Kirk aliugua sana ugonjwa wa kuhara damu, akarudi kwao.

4. Daktari wa Unguja

Mwezi wa Juni mwaka 1866 Kirk alifika Unguja, awe daktari wa nyumba ya balozi wa Kiingereza. Alikaa huko miaka 20, akapanda cheo baada ya cheo, hata mwaka 1873 alikuwa balozi mkuu. Aliwatibu watu wa namna nyingi, akajifunza Kiswahili, na huko Mbweni alifanya shamba la kujaribia mimea ya nchi za mbali. Wanyama wawili wa Afrika ya Mashariki waliitwa na wataalamu kwa jina lake: kima punju, ambaye asili yake ni Unguja, na aina moja ya digidigi wa bara.

Kutoka Unguja aliweza kuitazama biashara ya Kilwa kwa mwisho wake wa pili. Ziwani Nyasa alikuwa ameona watu wakiondoka. Sasa aliwaona wakifika.

Siku hizo biashara haikuwa tena Kilwa Kisiwani. Katika miaka ya 1840 Sayyid Said wa Unguja alimwondoa sultani wa mwisho wa Kilwa, na mji wa kisiwani ukabaki kijiji cha wavuvi. Misafara itokayo Nyasa ilipenda kufikia bara bila ya kuvuka maji, kwa hiyo mji wa Kilwa Kivinje, ulio upande wa kaskazini, ukakua. Huko watumwa walipakiwa katika majahazi. Walilazwa wakibanana, hata wengine hawakupata nafasi ya kunyosha miguu. Chakula kilikuwa haba na maji yalikuwa haba. Upepo ukipungua na safari ikirefuka, wengi walikufa kabla ya kufika.

Hesabu ya watu hao inajulikana kwa sababu ilitozwa ushuru, na makarani wa forodha waliandika vitabuni. Katika miaka 5, tangu 1862 hata 1867, watumwa 97,203 walipakiwa Kilwa. Katika hao, 76,703 walipelekwa Unguja, na 20,500 walipelekwa mahali pengine. Hesabu hii haiwatii wale waliopitishwa kwa siri, wala wale waliokufa njiani kati ya Nyasa na pwani, wala vijiji vilivyochomwa moto ili watu hao wakamatwe.

Maradhi nayo yalifuata njia hiyohiyo. Mwaka 1859 msafiri Richard Burton alifika Kilwa wakati wa kipindupindu, akaona maiti zimetupwa ovyo bila kuzikwa. Mwaka 1869 kipindupindu kilirudi tena kikaingia Unguja, nacho kikaenea pwani kwa vyombo vya biashara. Daktari mwingine aliyekaa Unguja, James Christie, aliandika kitabu kizima juu ya mwendo wa ugonjwa huo, kikapigwa chapa mwaka 1876. Mahali watu wanapobanwa kama mizigo, bila maji safi wala choo, ugonjwa hauhitaji kualikwa.

5. Mkataba wa mwaka 1873

Kwa nini serikali ya Kiingereza haikuizuia biashara hiyo mapema? Ilijaribu kidogo kidogo. Mkataba wa mwaka 1845 ulikataza watumwa wasipelekwe Uarabuni, lakini uliruhusu wachukuliwe kwa bahari ndani ya nchi ya Sultani, tangu Kilwa upande wa kusini hata Lamu upande wa kaskazini. Ruhusa hiyo ilikuwa kama tundu katika wavu. Jahazi lilitoka Kilwa kwa halali, likapita Unguja kwa halali, likafika Lamu kwa halali. Na likiisha kupita Lamu usiku, nani aliyeliona? Manowari za Kiingereza zilikamata machache, mengi yakapita.

Mwaka 1870 Sayyid Barghash alitawala Unguja. Mwaka 1872 tufani kubwa ilikipiga kisiwa, ikavunja vyombo vyake vingi na kung'oa mikarafuu. Mwezi wa Januari mwaka 1873 alifika mjumbe mkubwa kutoka Uingereza, Sir Bartle Frere, kumtaka Sultani aikomeshe biashara yote ya watumwa baharini. Barghash alikataa. Alikuwa na sababu zake: watu wake wakubwa walitegemea watumwa mashambani, tufani ilikuwa imemfilisi, na aliogopa ya kuwa watu wangemwasi. Frere akaondoka mikono mitupu.

Kazi ikamwangukia Kirk. Amri ilikuja kutoka London, amwambie Sultani ya kuwa asipotia sahihi manowari zitazingira kisiwa, chombo kisiingie wala kisitoke. Kirk alikuwa amemjua Barghash miaka mingi. Alimweleza wazi ya kuwa hakuna njia nyingine, naye akamsikiliza hofu zake mpaka mwisho. Tarehe 5 Juni mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi. Tangu siku hiyo ilikatazwa kumchukua mtumwa kwa bahari kutoka bandari yoyote, na masoko yote ya watumwa yakafungwa. Mahali palipokuwa soko la Unguja, Misheni ya Vyuo Vikuu ilijenga kanisa kuu, na jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo huo.

Haifai kusahau ya kuwa Sultani alilazimishwa kwa nguvu. Lakini neno alilolitia sahihi alilitimiza, ingawa lilimgharimu mali na upendo wa watu wengi.

6. Njia ya bara

Mtu aliyefikiri ya kuwa kazi imekwisha alikosea. Wafanyi biashara wa Kilwa walipoona bahari imefungwa, walitafuta njia ya nchi kavu. Waliwaongoza watumwa kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini, wakapita nyuma ya Dar es Salaam na kufika Pangani, na huko wakawavusha usiku mpaka Pemba. Mwingereza mmoja, Frederic Elton, alitumwa kuitazama njia hiyo. Kwa muda wa mwezi mmoja, tangu mwisho wa Desemba 1873 hata Januari 1874, alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 waliopita. Wengi walikuwa wamekonda, na njia ilikuwa na mifupa ya wale waliochoka.

Daktari ajuaye kazi yake hafurahi kwa sababu jipu limekauka juu, hali usaha ungalimo ndani. Wakati Elton alipokuwa njiani, Kirk alikuwa Uingereza kwa mapumziko. Mwezi wa Aprili mwaka 1874 alikuwa mmoja wa wale walioshika jeneza la Livingstone lilipoingizwa katika kanisa la Westminster Abbey. Mwaka 1875 alifuatana na Sayyid Barghash katika ziara yake ya London. Waliporudi Unguja, alimshauri Sultani aifunge na njia ya bara pia.

Mwezi wa Aprili mwaka 1876 Sayyid Barghash alitoa matangazo mawili: misafara ya watumwa kutoka bara isifike pwani, wala watumwa wasipitishwe kwa nchi kavu kutoka mji mpaka mji. Habari zilipofika Kilwa Kivinje zilileta ghasia. Mji ule ulikuwa umeishi kwa biashara hiyo, na watu wenye mali walikuwa wamekwisha kupeleka nguo na bunduki zao bara kununua watu. Liwali wa Sultani peke yake hakuwa na nguvu ya kuwatiisha. Basi Kirk alikwenda Kilwa mwenyewe kwa manowari, ili watu wajue ya kuwa amri ya Sultani haitarudishwa nyuma. Mji ukatulia. Biashara ya siri haikukoma kwa siku moja, lakini soko la wazi la Kilwa halikufunguliwa tena.

Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, Askofu Edward Steere alitoka Unguja pamoja na watu zaidi ya 50 waliokuwa watumwa, wanaume na wanawake, akashukia Lindi, akashika njia ya bara. Wengi wao walikuwa wametoka nchi za Nyasa. Walipofika Masasi waliona nchi nzuri yenye maji chini ya majabali makubwa, wakajenga huko kijiji chao. Njia zile zilizokuwa zimeleta watu wakishuka pwani kwa minyororo, sasa zilipitisha watu wakipanda bara wakiwa huru.

7. Sandarusi na mpira

Kirk alijua ya kuwa mtu hawezi kuachishwa kazi mbaya ikiwa hana kazi nyingine ya kumlisha. Hapo elimu yake ya mimea ilifaa kuliko manowari.

Watu wa pwani tangu zamani walichimba sandarusi katika ardhi, wakaiuza kwa wageni ambao waliifanya rangi ya kung'arisha mbao. Wataalamu wa Ulaya walibishana asili yake. Kirk alichunguza vipande vingi, akaona ndani yake wadudu, majani na maua yaliyonaswa zamani za kale utomvu ulipokuwa laini. Alilinganisha majani na maua hayo na yale ya msandarusi ulio hai pwani, akaona ni yaleyale. Basi akathibitisha ya kuwa sandarusi ya ardhini ni utomvu wa misitu ya kale iliyokwisha kutoweka, na ile sandarusi mbichi ya mtini iitwayo chakazi ni ndugu yake mdogo.

Tena alitambua ya kuwa katika vichaka vya pwani huota mti utambaao, ambao ukikatwa gome hutoa maziwa meupe yanayoganda kuwa mpira. Viwanda vya Ulaya na Marekani vilihitaji mpira mwingi. Kirk aliwashauri wafanyi biashara waununue, na mti huo ukapewa jina lake katika elimu ya mimea. Muda si mrefu mpira ukawa bidhaa kubwa ya Kilwa, Lindi na Mikindani. Mtu wa bara aliweza sasa kushuka pwani na madonge ya mpira, akapata nguo na majembe, bila kumuuza jirani yake.

8. Mwisho wa kazi

Miaka ya mwisho ya Kirk Unguja ilikuwa na huzuni. Alikuwa amemwahidi Barghash ya kuwa akiikomesha biashara ya watumwa Waingereza watakuwa rafiki zake. Lakini mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alifanya mikataba na wakuu wa bara kwa ajili ya Wajerumani, na mwezi wa Agosti mwaka 1885 manowari za Kijerumani zilisimama mbele ya jumba la Sultani. Serikali ya Kiingereza haikutaka kugombana na Wajerumani. Kirk aliamriwa asiwazuie, na ikampasa kumshauri rafiki yake akubali kunyang'anywa nchi. Mwaka 1886 aliondoka Unguja, na Barghash akafa mwaka 1888. Mtumishi wa serikali hutumwa kazi nzuri na kazi chungu, na hii ilikuwa chungu.

Hata hivyo Kirk hakuliacha jambo la watumwa. Mwaka 1889 na 1890 alikuwa mmoja wa wajumbe wa Kiingereza katika mkutano wa Brussels, ambao mataifa mengi yalipatana kuizuia biashara ya watumwa katika Afrika. Baadaye alikaa nyumbani kwake huko Sevenoaks, Uingereza, akitunza bustani yake na kuandikiana na wataalamu wa mimea.

Kuikomesha biashara ya watumwa si sawa na kuukomesha utumwa wenyewe. Katika Unguja na Pemba sheria iliufuta utumwa mwaka 1897. Katika Tanganyika ulibaki wakati wote wa utawala wa Wajerumani, mpaka sheria ilipoufuta kabisa mwaka 1922. Mwaka huo huo, tarehe 15 Januari, John Kirk alifariki dunia, naye alikuwa na umri wa miaka 89.

Kilwa Kisiwani leo ni mahali pa amani. Wavuvi hupanga mashua zao chini ya Gereza, na wageni huvuka kutoka bara kutazama kuba za Msikiti Mkuu. Madaktari wawili waliifikia pwani hiyo, mmoja katika mwaka 1776 na wa pili katika mwaka 1876. Wote wawili walikuwa wamejifunza jinsi mwili wa mwanadamu ulivyo. Wa kwanza aliutia bei ya riali 20. Wa pili alikumbuka alichofundishwa.